Oda ya Msiba Iliyoelekezwa Getini Kwetu

Ilikuwa Jumanne mchana, niko ofisini natafuna karanga, simu ya kazi ikalia. Meseji, namba ngeni.

"Habari. Naomba turubai moja kubwa na viti hamsini. Jumamosi saa tatu asubuhi. Ni msiba."

Kwangu hiyo ni meseji ya kawaida kabisa. Kazi ya familia yetu ni kukodisha maturubai na viti. Harusi, mikutano, misiba, yeyote anayetaka kivuli na pa kukalia, sisi tupo. Mimi ndiye mpokea oda.

Nikajibu kama ninavyojibu kila siku. Poleni sana, naomba mtuelekeze ni wapi.

Jibu likachelewa kidogo, kisha likaingia.

"Ukishapita kiwanda cha matofali kata kulia. Nyumba ya tatu, geti la bluu limebonyea upande wa chini. Ndani utaona tangi jeusi la maji."

Nikaacha kutafuna.

Geti lile nalijua. Aliyelibonyeza ni mimi mwenyewe, nikijifunza kurudisha lori nyuma. Na tangi jeusi lililoko ndani yake ndilo ninaloogea kila asubuhi.

Nikasema labda kuna mtu ananitania. Nikaandika, samahani, nani amefariki?

"Mtu wa nyumba hiyo."

Nikaandika tena, amefariki lini?

Kimya. Nikapiga. Simu imezimwa.

Nikapiga nyumbani haraka haraka. Mama akapokea. Nikamuuliza kama wote ni wazima. Akasema yeye ni mzima, Baba kajilaza kidogo, kwani kuna nini? Nikasema hakuna, nimewakumbuka tu. Akaniuliza nimewakumbuka tangu nilipotoka asubuhi, kisha akakata simu.

Nikabaki nimeshika ile simu, naorodhesha kichwani watu wa nyumba yetu. Haikuwa kazi kubwa, tumebaki watatu tu. Baba, Mama na mimi.

Leo Jumanne na wote tuko hai. Msiba ni Jumamosi.

Ngojeni niwaeleze kwa nini sikucheka nikaipuuza.

Zamani tulikuwa wanne. Nilikuwa na kaka, mkubwa wangu, tukimwita Mlingoti. Alikuwa mrefu, na ndiye aliyekuwa anaweza kuushika mlingoti wa kati wa turubai peke yake wakati wengine wanapigilia vigingi. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika hadi na majirani. Mama mwenyewe alikuwa anamwita mumewe Baba Mlingoti.

Yeye ndiye aliyenibatiza jina la Meneja, siku nilipokabidhiwa simu ya kazi. Kila asubuhi alikuwa ananipigia saluti, na miguu anaigonga kabisa. Nilikuwa namwambia aache ujinga. Saluti ile sasa naitamani sana.

Miezi minane kabla ya meseji ile, kaka yangu alijiua.

Hata sasa nimeandika neno hilo kwa shida. Ilikuwaje, sitasema. Haitawasaidia ninyi na mimi hainisaidii. Kulikucha, na yeye hakuwepo tena.

Wa kwanza kufika alikuwa Shangazi, dada yake Baba. Hatujalia vizuri, ameshatukusanya jikoni na kufunga mlango. Akasema kijana amekufa kwa presha. Mmesikia? Presha.

Tukaitikia. Mlingoti hakuwahi hata kupimwa presha maishani mwake, lakini tukaitikia.

Basi ikawa kila anayeuliza tunasema presha. Wengine walijibu kwamba presha siku hizi haina mdogo wala mkubwa, huku wanaangalia pembeni. Walikuwa wanajua. Na sisi tulijua kwamba wanajua. Tukaendelea hivyohivyo.

Sasa sikilizeni kitu tulichofanya, maana nadhani ni familia yetu pekee inayoweza kufanya jambo kama hili.

Sisi ni watu wa misiba. Tumejenga maturubai kwenye vilio vya watu wengi mno. Msiba ulipotuingilia ndani, kila mmoja akafanya anachokijua. Baba akaita lori. Akasimamia turubai likajengwa uani kwetu, akapanga mistari ya viti, akarudi kuinyoosha, akarudi tena. Mimi nikashika simu, nikawa naelekeza magari pa kuegesha. Mama akavaa aproni akaingia kwenye vyombo, akaosha hata visivyochafuka.

Watu walikuja kutupa pole wakatukosa. Kuna mama mmoja alinishika mkono huku analia, nami nikamwambia karibu sana, mstari wa nyuma bado una nafasi.

Tena kuna sheria ya Baba, ya tangu anaanza kazi hii. Viti ni vya wateja. Sisi hatukai. Ukichoka kaa kwenye kreti, kaa chini, egemea lori. Mteja akikuona umekalia kiti chake ataona umekuja kustarehe.

Basi hatukukaa. Kwenye msiba wa mtoto wa nyumba yetu, hakuna hata mmoja wetu watatu aliyekaa kitini. Tuliporudi makaburini, Baba akaanza kufungua turubai, kwa sababu kesho yake kulikuwa na oda nyingine. Watu wengine walikuwa bado wanakula. Walihamisha sahani zao kivulini mwa ukuta na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Baada ya hapo jina la kaka yangu halikutajwa tena. Baba aliitoa picha yake sebuleni. Mama akaacha kusema Baba Mlingoti, akawa anamwita mzee. Hata kazini, mlingoti wa turubai tukaanza kuuita kile chuma.

Hiyo ndiyo nyumba iliyoagiziwa msiba.

Sasa meseji ile ilipoingia ndipo nikaanza kukumbuka mambo ambayo nilikuwa nayaona bila kuyaona.

Wiki chache nyuma Baba alimpa Dereva wetu saa yake ya mkononi. Saa hiyo alikuwa haivui hata akioga. Alisema hana tena haja na saa. Halafu akaniita akanionyesha zilipo karatasi za kiwanja na funguo za akiba za stoo. Mimi nikadhani mzee anajiandaa kupumzika kazi, hata nikafurahi moyoni. Halafu redio. Baba yangu alikuwa mtu wa kugombana na redio, mtangazaji akisema hiki yeye anamjibu kile. Alikuwa ameacha. Redio inasema peke yake na yeye anaangalia ukuta.

Nikaunganisha moja na moja.

Nikasema huyu ni Baba. Baba ametoa oda ya msiba wake mwenyewe. Kwa jinsi ninavyomfahamu, mtu wa mipango, hawezi kukubali kufa halafu watu wengine wampangie viti.

Nikamfuata Dereva. Huyu ameendesha lori letu tangu mimi niko shule, na mdomo wake haujui likizo. Pancha moja anaweza kuisimulia mpaka mkafika mnakokwenda. Nikampa simu asome. Akasoma. Akanirudishia.

"Oda ni oda, Meneja. Nitapakia."

Basi, akaondoka. Hapo nilitakiwa nishtuke, maana Dereva wa maneno machache hajawahi kutokea. Lakini akili yangu ilikuwa mbali.

Nikampigia Shangazi. Alinisikiliza, akaniambia nifute ile meseji na tuombe sana. Halafu akanionya kwamba nisithubutu kumuuliza baba yangu. Alisema mtu ukimuuliza habari za kujiua ndiyo unamtia hilo wazo kichwani.

Nikamwamini. Ni mtu mzima, na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kutouliza.

Badala yake nikamganda Baba kama kupe. Jumatano sikwenda ofisini. Akienda dukani, na mimi sabuni imeniishia. Akikaa barazani, na mimi nina mchele wa kuchambua. Tulichambua mchele wa kulisha kambi nzima siku ile.

Jioni akauliza kama anavyouliza kila wiki, Jumamosi tuna nini. Nikamkazia macho. Nikamwambia kuna msiba, turubai moja na viti hamsini. Akauliza ni wapi. Nikasema bado hawajatuelekeza vizuri.

Akatikisa kichwa tu. "Msiba haukataliwi," akasema.

Hiyo nayo ni sheria yake. Harusi unaweza kuikataa, mkutano unaweza kuuahirisha, ila oda ya msiba ikiingia inapelekwa, hata kama lori ni bovu mkabebe kwa mikokoteni. Nilimtazama nikasema moyoni, mzee anazuga huyu.

Alhamisi ikapita hivyohivyo. Nilikuwa sili vizuri. Nilitamani kumwambia Mama, lakini Mama naye alikuwa na mambo yake, mara anafua mapazia, mara anang'oa majani uani. Nikaona nisimwongezee mzigo.

Ijumaa alasiri Baba akaaga kwamba anakwenda stoo kuhesabu vigingi. Vigingi alivihesabu Jumatatu mbele yangu. Nikamwacha atangulie kidogo, nikavaa viatu, nikamfuata.

Stoo yetu ni chumba kirefu. Viti vimepandana mpaka karibu na dari, maturubai yamekunjwa upande wa pili, na harufu ya plastiki na unyevu haiishi humo. Nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda, mikono magotini, anaangalia viti. Hakuna kigingi hata kimoja alichokigusa.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza kama na mimi nimekuja kuhesabu vigingi.

Nikasema nimekuja kumuuliza kitu. Maneno ya Shangazi yanapita kichwani, nitamtia wazo, nitamtia wazo. Halafu nikamtazama jinsi alivyokaa, nikajiambia, kama wazo halimo humu ndani ya mtu huyu, basi mimi simjui baba yangu.

Nikajikaza kisabuni.

"Baba, unafikiria kujiua?"

Nilitegemea anizabe kofi. Au anicheke, au anifukuze mle ndani.

Hakufanya hata kimoja. Akauliza taratibu.

"Nani kakwambia?"

Nikakaa sakafuni palepale.

Alianza kuongea bila kunitazama, anaviangalia vile viti. Alisema wazo hilo humjia zaidi asubuhi, kabla hatujaamka. Linamwambia kwamba tukibaki bila yeye tutapumua. Nikamwambia Baba, hebu tuangalie tulivyo sasa hivi, hivi unaona tunapumua?

Halafu akatoa kitu ambacho alikuwa amekaa nacho miezi yote minane.

Jumamosi ya mwisho ya kaka yangu, mimi sikuwepo, walikuwa kwenye harusi. Jua kali, turubai limeshasimama, wageni hawajaanza kufika. Mlingoti alikwenda mstari wa nyuma, akavuta kiti, akakaa. Mikono imening'inia. Baba akamwona kutoka mbali, akampazia sauti kwamba viti ni vya wateja. Mlingoti akainuka. Akatabasamu, akasema sawa mzee, akaendelea na kazi.

"Alikuwa amechoka, mwanangu," Baba akasema. "Sikumuuliza amechoka nini. Nilimwinua."

Akasema kila anapopanga viti anamwona anainuka. Kwenye kila harusi, kila msiba, mstari wa nyuma, anamwona anainuka na kutabasamu.

Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa kelele, kama mtoto.

Nilimwambia nilichoweza. Kwamba kiti hakikumuua kaka yangu. Kwamba kilichomchosha kilikuwa kikubwa kuliko neno moja la baba yake, na sote tuliishi naye na sote hatukukiona. Sikujua kama nasema ukweli au namfariji tu, lakini nilisema. Nikamwambia pia kwamba nampenda, jambo ambalo kwetu hatuambiani, na wote wawili tukaangalia chini kwa aibu.

Tulipotulia nikatoa simu. Nikamuuliza, na hii oda je?

Akapandisha miwani akasoma. Akasoma tena.

"Hii si yangu."

Nikamwambia Baba, usinifiche, tumeshafika hapa tulipofika.

"Mimi nikitaka viti hamsini nitakutumia meseji ya nini," akasema, "na stoo nimeikalia?"

Na kwa mara ya kwanza katika miezi minane nikaona mdomo wake unataka kucheka.

Nilikuwa nimemkosea. Oda haikuwa yake, hajui hata ilitoka wapi. Nimekuja kwa sababu ya oda isiyo yake, nimeuliza swali, na jibu likawa ndiyo.

Sikumwacha arudi nyumbani hivihivi. Nilimshika mkono tukaenda kituo cha afya. Nilidhani daktari atashtuka au atamgombeza. Yule daktari, mwanamke wa makamo, alimuuliza Baba swali lilelile nililomuuliza mimi, kwa neno lilelile, kama anayemuuliza habari za mgongo. Baba akamjibu. Wakaongea muda mrefu mlango umefungwa. Tulipotoka tukawa na siku ya kuonana na mshauri, na agizo kwamba asiachwe peke yake.

Pale mlangoni nikamweleza yale ya Shangazi. Daktari akasema hapana, kuuliza hakumtii mtu wazo. Akasema wengi wanakuwa wanasubiri mtu yeyote awaulize.

Njiani nikamuuliza Baba tufanye nini na kesho. Akanishangaa.

"Msiba haukataliwi. Tutapeleka."

Nikamwambia tunapeleka nyumbani kwetu, na hakuna aliyekufa.

"Basi tutamjua mteja," akasema.

Jumamosi tulipakia sisi watatu, Baba, mimi na Dereva. Mama tulimwacha nyumbani, hatujamwambia lolote bado. Baba alisema atamwambia mwenyewe kwa mdomo wake, ila apewe siku hiyo moja.

Dereva akawasha lori akaenda moja kwa moja. Hakuuliza njia. Nikamtazama usoni, akajifanya anaangalia kioo cha pembeni.

Majirani walitoka kwenye mageti yao. Jirani wa mbele akauliza kuna nini tena. Tukaingia uani, tukapigilia vigingi, tukasimamisha turubai. Baba akapanga viti, akaanza kunyoosha mistari.

Mlango wa nyumba ukafunguka.

Mama alikuwa amevaa lile gauni jeusi ambalo siku ya msiba lilibaki kabatini, kwa sababu alishinda na aproni. Mkononi ana picha ya Mlingoti, ile iliyotolewa sebuleni. Kumbe alikuwa nayo siku zote.

"Mteja ni mimi," akasema.

Dereva akainamisha kichwa. Laini iliyotuma meseji ilikuwa yake, ile ya pili ambayo haitumii, aliyomwazima Mama pamoja na simu. Mama alimwapisha asifungue mdomo, na masikini alikuwa karibu kupasuka wiki nzima.

Nikamuuliza Mama kwa nini aliandika mtu wa nyumba hiyo, hajui alinifanya nini? Akasema alijaribu kuandika jina la mwanawe vidole vikagoma. Akaandika alichoweza, akazima simu akaenda kulia bafuni. Nilipompigia alikuwa ndiyo ametoka kunawa uso.

Halafu akamgeukia Baba. Alisema amemwomba mara nyingi wakae walie mtoto wao, na kila mara anajibiwa kwamba kuna kazi. Amekaa akafikiri, akaona mume wake anaweza kumkatalia mkewe, lakini mteja wa msiba hajawahi kumkatalia.

"Kwa hiyo leo mimi ni mteja wako," Mama akasema. "Na mteja anasema mkae."

Mimi nikakaa. Dereva akakaa. Baba akabaki amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Niliona anajaribu. Magoti yalikuwa hayataki.

Mama akamsogelea.

"Baba Mlingoti," akasema. "Kaa."

Akakaa.

Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia, na sitaki kuifananisha na kitu. Alilia mpaka kiti kikatetemeka. Mama alikuwa amesimama mbele yake, kichwa chake amekikumbatia tumboni, na yeye analia.

Getini watu walikuwa wameshajaa. Mama alipopata pumzi akaiweka picha kwenye kiti cha mbele, akawageukia.

"Karibuni ndani. Siku ile niliwadanganya. Mwanangu hakufa kwa presha, alijiua. Nilimpenda, na alijiua, na sijui kwa nini."

Shangazi alikuwa ameshafika, sijui nani alimwita. Akafungua mdomo.

"Wifi, kaa," Mama akamwambia.

Shangazi akakaa. Baada ya muda naye alikuwa analia kuliko sisi wote. Nikagundua kwamba hata yeye ile presha ilikuwa imemkaba.

Watu waliingia wakavijaza viti. Jirani wa mbele, mwalimu mstaafu ambaye kila siku alikuwa akitupungia mkono na kupita, alikaa karibu na Baba. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alikuwa na dada.

"Sisi tulisema malaria," akasema.

Baba akamshika bega. Wakakaa hivyo.

Baadaye watu wakaanza kusimulia. Mmoja akakumbuka jinsi Mlingoti alivyogonga kichwa kwenye kizingiti cha kila nyumba aliyoingia, na kila mara anakiomba msamaha kizingiti. Mimi nikasimulia saluti. Dereva akasimama kuionyesha, miguu anaigonga hivihivi, na tukacheka mpaka tukalia upya. Baba akatamka jina la mwanawe. Nilimsikia vizuri kwa masikio yangu.

Watu walipopungua nikamwona Baba anaongea na Mama, wameinamiana. Nikajua anamwambia yale ya stoo. Mama alikuwa amemshika kwenye kifundo cha mkono, pale palipobaki alama nyeupe ya saa.

Dereva naye akaona. Akaivua ile saa akaenda nayo.

"Mzee, saa yako inakimbia sana," akasema. "Mimi siiwezi."

Jioni nilimuuliza Mama kama alitoa ile oda kwa sababu alishamgundua Baba. Akaniapia kwamba hakujua chochote. Akasema yeye alikuwa anataka kukaa tu.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi si mtaalamu, mimi ni mpokea oda. Wiki ile nilikosea kila kitu. Nilikosea mteja ni nani, nilikosea nani anazuga, na ushauri niliouamini ulikuwa wa uongo. Kitu kimoja tu nilipatia, nacho karibu nisikifanye. Niliuliza.

Kama kuna mtu kwako anagawa vitu vyake, amenyamaza, anasema mkibaki bila yeye mtapumua, muulize. Muulize kwa neno lenyewe, usizunguke. Ukiwa umekosea mtaona aibu kidogo, itapita. Ukiwa hukukosea, kaa naye hapohapo, umpeleke kwa wanaojua. Na kama mtu huyo ni wewe, basi usisubiri kuulizwa. Mwambie mmoja, leo.

Baba bado anakwenda kwa mshauri. Kuna asubuhi nzuri na kuna asubuhi mbaya, lakini zile mbaya sasa anatugongea mlango. Yeye na redio wameshaanza kugombana tena.

Juzi tulikuwa kwenye harusi. Jua kali, turubai limeshasimama, wageni hawajafika. Dereva alikwenda mstari wa nyuma, akavuta kiti, akakaa. Hana tatizo lolote, amepakia tu tangu asubuhi.

Nikamwona Baba anamwendea. Nikasema haya, sheria ni sheria, anakwenda kumwinua. Dereva mwenyewe akaanza kunyanyuka.

Baba akamshika bega akamrudisha chini. Akavuta kiti cha pili, akakaa karibu naye, na nikamsikia anamuuliza.

"Umechoka nini?"